Makao ya Watoto, Malezi ya Kambo au Kituo cha Mchana: Uombe Kipi Ukiwa Arusha au Moshi?

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, alinipigia simu Jumapili, baada ya ibada ya pili. Ana nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wake wameshaoa na kuolewa, na kila jioni uwanja wake unajaa watoto wa jirani wanaokuja kunywa uji.

"Mwanangu," akaniambia, "nataka kufungua kituo cha yatima. Naanzia wapi, Ustawi wa Jamii au kwa mwanasheria?"

Nikamuuliza, hao watoto wakishakunywa uji wanalala wapi? Akanyamaza kidogo. "Wanalala kwao. Ni yule mmoja tu, yule anayekaa nyuma ya kanisa, ndiye sijui hasa analala wapi."

Ndani ya jibu lile kulikuwa na maombi mawili tofauti, na hakuna hata moja lililokuwa la kituo cha yatima.

Nilikuwa katibu wa makao ya watoto upande wa Usa River kwa miaka minane. Kazi yangu ilikuwa mafaili, rejista na kumsubiri mkaguzi. Siku hizi watu wananijia kabla hawajaenda halmashauri, na karibu wote wanakuja na neno moja mdomoni: kituo. Wengi hubadili ombi kabla chai haijapoa. Naandika hapa ninayowaambia, tukiziweka pamoja njia nne: makao, malezi ya kambo, kituo cha mchana, na kumsaidia mtoto akiwa kwao.

Karatasi mbili zinazochanganywa

Kosa linalowapotezea watu muda kuliko yote ni kudhani kwamba cheti cha NGO ndicho ruhusa ya kulea watoto. Cheti hicho kinatolewa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Kinasema tu kwamba ninyi ni shirika: mna katiba, mna viongozi, mnaweza kumiliki mali na kushitakiwa kwa jina lenu. Leseni ya makao ni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni za makao za mwaka 2012, nayo inaangalia nyumba yenyewe: vitanda, choo, jiko, na nani anabaki na watoto usiku. Ofisi zote mbili ziko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na nadhani ndiyo sababu watu huziona kama kitu kimoja.

Kijana mmoja wa Olasiti alikitia cheti chake cha shirika kwenye fremu, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanalala vyumba vya nyuma. Afisa Ustawi alipofika alikisoma chote, taratibu, mpaka muhuri. Kisha akasema, "Hongera kwa shirika, kaka. Leseni ya makao iko wapi?" Kuendesha makao bila leseni ni kosa kisheria. Yule kijana hakupelekwa mahakamani, lakini watoto walihamishwa ndani ya wiki mbili, na wawili kati yao walikuwa wamemzoea kiasi cha kung'ang'ania mguu wake getini. Sipendi kuikumbuka siku ile.

Kuhusu aina ya chombo cha kuandikisha sitakaa sana, maana watu huvurugwa hapa bila sababu. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kuhudumia watoto, NGO ndiyo njia iliyonyooka, na unaweza kuchagua ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Ukiwa unafanya kazi Moshi tu, ya kitaifa ya nini? Zamani wengi walikimbilia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kufungua kampuni isiyo na hisa, au RITA, wakala wa usajili na udhamini, kuandikisha wadhamini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalichora mipaka upya, kila chombo kikabaki na shughuli zake, na wenye shughuli za NGO wakatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO. Kama uko ndani ya kanisa au taasisi ya Kiislamu iliyo na wadhamini wake tayari, zungumza nao kwanza kabla hujaandika katiba nyingine. Na kumbuka kwamba cheti cha NGO kinakuja na kazi ya kila mwaka: taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Shirika likinyamaza linaweza kufutwa, na makao yaliyo chini yake yakabaki hewani.

Makao: mzigo wa usiku

Sasa tuje kwenye njia yenyewe ambayo kila mtu anaitaka.

Safari inaanzia chini. Serikali ya mtaa au kijiji wakujue, mtendaji wa kata akupe barua, halafu Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Hapa Arusha watu hupotea njia kwa sababu ya mipaka. Ngaramtoni haiko Jiji, iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Tengeru na Usa River ziko Meru. Kwa Moshi, Pasua, Njoro na Rau ni Manispaa, lakini ukipanda Kibosho au Uru umeshaingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Nimeona mtu akipoteza mwezi mzima akifuatilia faili katika ofisi ambayo haikuwa yake, na kila akienda anaambiwa kwa upole arudi Jumatano.

Afisa wa halmashauri anakuja kuona nyumba, afisa afya naye anaangalia ya kwake, na Zimamoto wana yao. Maoni yao ndiyo yanayopanda juu mpaka kwa Kamishna, Dodoma. Kwa hiyo usiwahi kudhani kwamba kazi yako ni kuishawishi Dodoma. Kazi yako ni ile siku ambayo mtu wa halmashauri anaingia na daftari.

Nieleze siku moja kama hiyo. Afisa aliyetukagua alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba. Hakukaa kwenye kiti tulichomtengea. Alikwenda moja kwa moja chooni akafunga mlango, tukasikia anahangaika na komeo. Alipotoka akauliza, "Mtoto wa miaka mitano anafikia hili?" Komeo lilikuwa kwenye usawa wa bega la mtu mzima. Chumbani alinyanyua godoro, akaangalia kama kila kitanda kina chandarua chake. Akapima kwa hatua zake nafasi kati ya kitanda na kitanda. Akafungua kabati la nguo akauliza kila mtoto ana rafu yake au wanachangia. Jikoni aliuliza mkaa unawashiwa wapi na moshi unatokea wapi. Mwisho akamwita mtoto mmoja pembeni, akakaa naye chini ya mwembe, mbali nasi, robo saa nzima. Hatukuwahi kujua waliongea nini. Kwenye taarifa yake, rangi mpya tuliyopaka wiki ile haikutajwa hata kwa sentensi moja. Komeo lilitajwa.

Baada ya hapo alitaka mafaili, na hapa ndipo makao mengi yanaanguka hata yakiwa na majengo mazuri. Kila mtoto awe na faili lake: amefikaje, nani alimleta, ndugu zake ni akina nani na wako wapi, afya, shule, cheti cha kuzaliwa, na mpango wa malezi unaoonyesha lini na vipi atarudi kwenye familia. Faili letu moja lilikuwa na picha nne za mtoto akiwa na wageni, na halikuwa na namba ya simu ya bibi yake aliyekuwa Maji ya Chai, kilomita chache tu kutoka getini kwetu.

Hilo la kurudi kwenye familia ndilo watu hawalitegemei. Mtoto haingii makao kwa sababu mjomba amemleta na mfuko wa nguo. Anaingia kupitia Ustawi wa Jamii na Mahakama ya Watoto, na amri ya mahakama ya kumweka chini ya matunzo ina ukomo: isizidi miaka mitatu, au mpaka atimize miaka 18, ipi itangulie. Sheria inayaona makao kama mahali pa kupita, wakati familia inatafutwa au inasaidiwa isimame. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa Desemba 2009, inasema hivyo hivyo, na inaongeza kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Katika makao yetu, wenye mzazi au bibi aliye hai walikuwa wengi kuliko wasio na mtu. Tuliwaita wote yatima kwa sababu wafadhili walilielewa neno hilo.

Kwa watu wa Kilimanjaro kuna jambo lingine ambalo fomu haikuulizi. Mtoto wa Kichaga anapotolewa Uru au Marangu akakaa makao miaka kumi, kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, hakikai kinamsubiri. Baba mdogo atapanda migomba, mwaka wa pili atahamisha mpaka, na kijana akirudi na miaka 18 ataambiwa hajulikani. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinazuia mtu kumnyima mtoto kunufaika na mali iliyoachwa na mzazi wake, lakini kifungu hakiendi shambani chenyewe. Andika kwenye faili eneo lilipo, majirani wa pande zote nne, na mwenyekiti wa kijiji aweke sahihi. Sisi tulianza kufanya hivyo tukiwa tumeshachelewa kwa vijana wawili.

Halafu kuna hesabu ya usiku. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Gawanya: ili mtu mzima mmoja tu awepo muda wote, mchana na usiku, Jumapili na Krismasi, unahitaji karibu watu wanne wa kulipwa. Hapo bado hujaweka mpishi, mlinzi na wa kufua. Mwanzilishi mara nyingi hujihesabu mwenyewe kama wawili. Mwaka wa kwanza anaweza. Mwaka wa tatu anaumwa mgongo, anakuwa mkali kwa watoto, na hajui kwa nini.

Wapo watakaosema wazungu wa kujitolea watajaza pengo, maana Arusha na Moshi hatukosi wageni wanaotaka kukaa na watoto kabla au baada ya kupanda mlima. Kwanza, kujitolea nako kunahitaji vibali, cha ukaazi daraja C na cha kazi, na viza ya utalii haitoshi. Pili, na hili ndilo linaloniuma, mtoto wa miaka mitatu akiagwa na mtu aliyempenda kila baada ya wiki tatu, anajifunza kumkumbatia mgeni yeyote anayeshuka kwenye gari. Wageni huona ni upendo. Mlezi mzoefu akiona mtoto wa namna hiyo anashika kichwa.

Basi makao yanamfaa nani? Yanafaa kundi la watu, si mtu mmoja, wenye fedha ya kuendesha angalau mwaka mzima kabla ya mfadhili wa kwanza, wenye nyumba isiyotegemea kodi ya mwezi, na waliokwenda halmashauri wakaambiwa kweli kuna upungufu wa nafasi kwa kundi fulani. Nenda uulize hivyo hivyo: "Mheshimiwa, ni watoto gani mnakosa pa kuwapeleka?" Ukiambiwa ni wenye ulemavu, au wasichana waliokimbia ukeketaji, umepata kazi. Ukiambiwa makao ni mengi kuliko watoto wanaostahili, nawe umejibiwa.

Angalizo dogo: Arusha na Moshi kuna mahabusu za watoto pia. Hizo ni za serikali, kwa watoto wenye kesi mahakamani, hazihusiani na tunayozungumza, ingawa bodaboda ukimwambia "makao ya watoto" anaweza kukushusha huko.

Malezi ya kambo: nyumba ile ile, karatasi chache

Neno kambo linawatisha watu, kwa sababu ya hadithi za mama wa kambo. Kwenye lugha ya Ustawi maana yake ni kumchukua mtoto asiye wako, kwa idhini yao na chini ya usimamizi wao, akaishi nyumbani kwako kama mtoto wa nyumba. Huhitaji NGO. Huhitaji jengo la pili. Afisa anakuja kwako, anazungumza na kila anayeishi ndani, dada wa kazi akiwemo, anauliza kwa balozi wa nyumba kumi na majirani, anaangalia kipato na afya. Akiridhika, mtoto anawekwa kwako na ziara zinaendelea.

Kuna aina fupi zaidi, familia za kuaminika. Hawa ni watu waliochunguzwa na kuandaliwa mapema, ili polisi wakimwokota mtoto stendi saa nne usiku awe na pa kulala wakati ndugu wanatafutwa. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa miezi. Kwa maoni yangu, mtu mwenye chumba kimoja kitupu na moyo mkubwa atasaidia zaidi hapa kuliko kwa kukimbilia leseni ya makao.

Kuasili ni mlango mwingine kabisa. Kunapita Mahakama Kuu, mtoto anakuwa wako moja kwa moja na haki zote za mzazi zinahamia kwako. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Kambo hakumbadilishi mtoto jina wala ukoo, na ndugu zake wakipatikana na kufaa, anarudi. Mtu asiyeweza kuvumilia kurudisha asianze na kambo. Nimemwona baba mmoja wa Sakina aliyelea mtoto miezi kumi na tisa akampeleka mwenyewe kwa shangazi yake Babati. Njia nzima alikuwa anapiga stori na kucheka na mtoto. Alipogeuza gari, alisimama Minjingu akalia, akanywa soda, akaendelea.

Ubaya wake? Hakuna wa kukulipa. Usimtegemee mfadhili, kwa sababu hakuna kibao cha kupiga picha. Sare, daftari, mafuta ya taa ya kusomea ni mfukoni kwako.

Kituo cha mchana

Nenda barabara ya Tengeru alfajiri uone akina mama wanaoelekea mashamba ya maua na mboga. Au Kiboriloni siku ya mnada wa mitumba, watoto wamelazwa juu ya marobota. Mama hawa hawahitaji mtu wa kulea watoto wao usiku. Wanahitaji saa kumi za mchana, uji, na mlango unaofungwa.

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana nacho kinasajiliwa Ustawi wa Jamii, kina kanuni zake na kinakaguliwa. Usafi, eneo la kuchezea, vyoo vya saizi ya watoto, walezi waliosomea. Kwa Kilimanjaro mna bahati ya Kisangara kule Mwanga, ambako Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina kampasi inayofundisha malezi ya watoto wadogo. Serikali yenyewe inausukuma upande huu kupitia programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, kwa hiyo Afisa Ustawi anakupokea kwa uso mwepesi zaidi.

Tofauti kubwa ni kwamba mzazi yupo. Anamleta, anamchukua, anachangia kidogo, analalamika uji ukiwa mwepesi. Hiyo lawama ya mama kuhusu uji ni ulinzi ambao makao hayana. Mtoto wa makao uji ukiwa mwepesi atamwambia nani?

Ila usidanganyike kwamba ni lelemama. Mtoto mmoja akiungua na chungu, au akitoka getini kuelekea barabarani, umekwisha. Na wengi wanaanza bila usajili kwa kisingizio cha "ni majirani tu."

Kumsaidia akiwa kwao

Hii ndiyo njia isiyo na jengo, kwa hiyo haina sherehe ya uzinduzi. Kwenye shule za serikali, elimu ya msingi haina ada, sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Hivyo bibi anapokuambia mjukuu hasomi kwa kukosa ada, ukimsikiliza zaidi utakuta ni sare, ni viatu, ni mchango wa chakula, ni mtoto kubaki nyumbani kuchota maji. Hayo unaweza kuyamaliza ukiwa kikundi cha kijamii kilichoandikishwa halmashauri, hata kabla ya NGO.

Usianze kwa kugawa vitu. Muulize mtendaji kama kaya hiyo iko TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Mtafute mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, hiyo ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maana wao ndio wanaojua nyumba gani mtoto anapigwa na nyumba gani ana njaa tu. Ni mambo mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja. Akina mama wa mtaa wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo nne kati ya hizo kumi ni za wanawake. Mwanamke mwenye genge lenye mtaji hapeleki mtoto kituoni.

Na ukikutana na mtoto anayeumizwa, hapo si suala la kusaidia akiwa kwao. Piga 116, simu ya mtoto, ni bure, au nenda moja kwa moja kwa Afisa Ustawi au dawati la jinsia na watoto polisi.

Swali la kufunga

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hawakiulizi mpaka siku imefika: nikishindwa, inakuwaje?

Kituo cha mchana ukishindwa, unawaambia wazazi Ijumaa, mnaachana kwa amani. Msaada wa sare ukiisha, bibi atasikitika, lakini mjukuu bado yuko naye. Kambo ukiugua, Afisa anahamisha mtoto mmoja. Makao yakifilisika una watoto ishirini na tano, chakula cha siku nne, na mfadhili aliyeacha kujibu barua pepe. Huwezi kufunga mlango na kuondoka. Lazima Ustawi wajue, kila mtoto apatiwe pa kwenda, mafaili yakabidhiwe. Nimeshiriki kufunga makao mara moja. Ilituchukua zaidi ya muda tuliotumia kuyafungua, na mama mlezi mkuu alilala pale miezi miwili bila mshahara kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Ndiyo maana nikiulizwa kipi rahisi kuandikisha, najibu kwa kuuliza kipi unaweza kukifunga bila kumuumiza mtoto mara ya pili.

Siku ya kwanza ofisini

Chochote utakachochagua, usiende na mwanasheria siku ya kwanza. Nenda mwenyewe, asubuhi, na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, na karatasi moja uliyoandika kwa mkono wako: watoto ninaowafikiria ni akina nani, wanalala wapi sasa, wanakosa nini. Maafisa wanapokea maandiko ya mradi yenye kurasa arobaini kila wiki. Karatasi moja inayosema "wanalala kwao" inasomwa pale pale.

Mama wa Pasua alikwenda Manispaa Jumanne. Afisa akafuatilia yule mtoto wa nyuma ya kanisa. Ana shangazi Himo, lakini shangazi naye yuko wodini kwa sasa, basi mtoto yuko kwa mama, kwa karatasi za Ustawi, huku mama akichunguzwa awe familia ya kuaminika. Amepewa chumba cha mwisho, kile chenye dirisha la upande wa mlima. Watoto wengine bado wanakuja jioni na kurudi kwao. Vyumba viwili amewapangisha wanafunzi wa chuo, na kodi yao ndiyo inayonunua unga wa uji.